Karatasi Ndani ya Plastiki

Wakili alikuwa anaongea na simu kuhusu mchanga. Simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono wa kushoto umelalia makaratasi yasipeperushwe na feni, wa kulia unatia saini. Karani wake, dada wa umri wangu mwenye kucha ndefu nyekundu, alikuwa anamsogezea nakala moja moja: anagonga muhuri, anasukuma, anachukua nyingine, anagonga. Muhuri ulisema kwa Kiingereza kwamba wakili ameiona nakala halisi, na kwamba hii iliyo mbele yake inafanana nayo.

"Wa ziwani sitaki," wakili alisema kwenye simu. "Nimeshakwambia. Wa ziwani umejaa konokono. Niletee wa mtoni." Akatia saini.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, bahasha ya kaki kifuani. Ndani ya bahasha kulikuwa na vyeti vyangu halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na cha shahada. Hakuna aliyeniomba niifungue.

Ilikuwa Ijumaa, ofisi iko Mirongo, Mwanza, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani. Jumapili alfajiri nilitakiwa niwe kwenye basi la Dar es Salaam, na Jumatatu asubuhi nilikuwa na miadi ya kukabidhi maombi ya viza. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ulaya, kwenye mji ambao mpaka mwaka huu nilikuwa siwezi hata kulitamka jina lake. Nikiikosa Jumatatu, miadi nyingine iliyokuwa wazi ilikuwa baada ya chuo kufunguliwa, na barua ya chuo ilieleza kwa upole sana kwamba nafasi yangu haitanisubiri. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa nakala zenye muhuri wa wakili, na hizo nazo zilikuwa zinakamilika mbele ya macho yangu, kwa mwendo mzuri. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Na zile halisi huziangalii?"

Mkono wa karani ulibaki hewani na muhuri wake. Nyuma yangu, kwenye benchi la wateja, kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyekuja kula kiapo cha kupotelewa na leseni, na mzee mmoja aliyeleta hati ya mauziano ya shamba. Kijana wa bodaboda alivuta pumzi kama mtu aliyeona pikipiki nyingine inaserereka.

"Dada," akanong'ona, "si ungekaa kimya tu?"

Wakili alimwambia mtu wa mchanga kwamba atampigia baadaye. Akaweka simu mezani, uso wa kioo chini. Akanitazama.

"Umesomea nini chuo?"

"Sosholojia."

"Ndiyo maana."

Benchi likacheka. Hata mzee alicheka.

"Sina nia mbaya," nikasema. "Muhuri unasema umeziona. Nikawa najiuliza tu."

"Usijiulize. Lete."

Nikafungua bahasha. Alianza na cheti cha shahada. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya nembo, akakigeuza nyuma, akalinganisha na nakala. Akafanya vivyo hivyo kwa kile cha kidato cha sita, kisha cha nne. Hakuwa na haraka tena. Nilianza kumheshimu, na nilianza pia kujipongeza, jambo ambalo lilikuwa mapema mno. Kisha akashika cheti cha kuzaliwa, akakipindapinda. Kikatoa ule mlio wa bati jepesi.

"Na hii ni nini?"

"Cheti cha kuzaliwa."

"Mimi naona plastiki."

Kilikuwa kimepigwa lamineshen. Mama yangu alikipeleka kwenye mashine nikiwa bado sijaanza shule, kikafungwa kwa plastiki ngumu mbele na nyuma, pembeni kote imegandishwa. Vile vya shule vilinusurika kwa sababu mkuu wetu wa shule alitutisha siku ya kuvichukua: atakayekifunga cheti asirudi kwake kulia. Kile cha kuzaliwa hakikuwa na mkuu wa shule wa kukitetea.

"Cheti kiko ndani," nikasema.

"Ndani kuna cheti, au kuna picha ya cheti. Mimi nitajuaje? Siku hizi mashine za rangi zinatoa kitu kizuri kuliko cha serikali." Alinisogezea kile cha kidato cha nne. "Gusa hapa. Unasikia? Kuna mahali pameinuka, muhuri umebonyezwa. Wino wa kalamu nao unauona umezama. Karatasi ina vinyweleo. Sasa gusa hii yako."

Nikagusa. Ilikuwa laini kama kifuniko cha ndoo.

"Lakini dakika tano zilizopita ulikuwa unanigongea."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa hujaniuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo si hoja. Nilikuwa na sentensi mbili zimeshajipanga mdomoni. Akaniwahi.

"Umeniambia niangalie, nimeangalia. Sasa unataka nijifanye sikuangalia? Hizi tatu nakupa. Hii itoe humo ndani ya plastiki, uniletee. Tunafunga saa tisa."

Kijana wa bodaboda akasimama kwa zamu yake. Aliponipita alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Kwenye korido karani alinifuata na nakala zangu tatu zilizokamilika. Akaniinamia. "Dada, mlango wa tatu pale, baada ya saluni. Yule anagonga mihuri, hagongi vichwa. Nenda."

Jengo lile lina mawakili kila upande, na katikati yao saluni ya kike ambayo siku zote inanukia nywele zilizoungua. Nilikwenda mlango wa tatu. Msichana wa mapokezi alikuwa anakula muhogo wa kukaanga, na kabla sijamaliza salamu akauliza, "Nakala ngapi?" Nikamwekea mezani zile za cheti cha kuzaliwa. Akajifuta mafuta vidoleni, akavuta droo yenye muhuri.

Na hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo langu limehama. Mwanzoni lilikuwa la wakili. Sasa lilikuwa langu. Jumatatu, kwenye kaunta ya viza, orodha yao ilisema nakala iliyothibitishwa pamoja na halisi yake. Kama yule wakili ameshindwa kujua kilichomo ndani ya plastiki, huyo wa kaunta atajuaje? Na mimi je? Nimekibeba kitu hiki tangu shule ya msingi. Nimekitoa kwa kitambulisho, kwa mkopo wa chuo, kwa pasipoti. Sijawahi kukigusa. Nimegusa plastiki tu. Mama alikuwa mtu wa tahadhari. Alikuwa na uwezo kabisa wa kutoa kopi ya rangi, akafunga kopi, akaficha chenyewe mahali, akasahau mahali hapo. Nilikuwa nimesimama na hati inayosema nimezaliwa, na sikuwa na uhakika kama ndiyo yenyewe.

Ningeweza kupuuza. Watu wengi wangepuuza, na wangekuwa Ulaya kwa amani. Mimi swali likishaingia hunila kama kiroboto ndani ya soksi. Siwezi kukaa mpaka nivue kiatu. Nikazichukua nakala zangu kutoka mezani. Msichana akashangaa.

"Kuna shida?"

"Sijui bado."

Akarudi kwenye muhogo wake.

Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Nilitembea kwa sababu sikuweza kukaa mahali, hata juu ya pikipiki. Nilimkuta kwenye sehemu yake ya kawaida, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua dagaa, anatupa pembeni vijiwe na vipande vya wavu. Wenzake wawili walikuwa karibu naye, wanawake ambao wamenijua tangu nabebwa mgongoni na ambao kwa hiyo wana haki ya kunisema watakavyo.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mzungu wetu huyo!" akasema mmoja. "Hujaondoka tu?"

"Bado, mama."

"Ukifika huko usituletee mkwe anayeogopa samaki wenye macho."

Mama hakucheka. Alikuwa anauangalia uso wangu. "Wamekugongea?"

Nilikuwa nimepanga njia nzima namna ya kuanza taratibu. Nikauliza moja kwa moja. "Mama, kile cheti changu cha kuzaliwa, kilichomo ndani ya lamineshen, ni chenyewe?"

"Chenyewe namna gani?"

"Ni kile kile ulichopewa? Au ni kopi?"

Wale wawili wakagonganisha viganja. "Jamani, mtoto anauliza kama ni yeye!" "Mwambie ukweli tu leo. Mwambie tulimwokota humu ndani ya gunia."

"Nyamazeni kwanza," mama akasema. Akajifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nani kasema si chenyewe?"

Nikamweleza habari ya wakili. Sikumweleza kwamba nilimwuliza mwenyewe. Nilisema tu kwamba amekagua. Mama alisikiliza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo shingo yake ilivyozidi kunyooka.

Naifahamu sababu ya ile plastiki. Kila mtu nyumbani kwetu anaifahamu. Baba alipofariki nilikuwa mdogo, na aliacha kiwanja Misungwi, alikinunua kwa mtu kwa maandishi, mashahidi wakaweka vidole. Maandishi hayo aliyaweka kwenye sanduku la mbao. Mama alipolifungua baada ya matanga, mchwa walikuwa wameyala. Walikuwa wameacha mstari wa pembeni, ule usio na maneno. Watoto wa muuzaji wakasema hawajui habari ya kiwanja chochote, na mashahidi, ambao walikula wali wa matanga nyumbani kwetu, nao wakawa hawakumbuki vizuri. Baada ya hapo mama alikusanya kila karatasi iliyobaki, akaenda nayo stesheneri, akaifunga yote. Alifunga vyeti vya ubatizo. Alifunga picha ya baba. Alifunga hata kadi ya kliniki ya mdogo wangu, ambaye bado alikuwa anapimwa uzito kila mwezi, na nesi ilibidi awe anaandika kilo zake kwa kalamu ya kuandikia ndoo. Kliniki nzima ilicheka. Mama alisema wacheke, kadi haijaliwa.

"Nilikipeleka mwenyewe," akasema sasa. "Nikasimama pale pale kwenye mashine. Yule kijana alitaka nimwachie nirudi jioni, nikamwambia sitoki hapa. Kiliingia upande huu nikakiona, kikatoka upande ule nikakichukua kikiwa cha moto." Akasimama. "Huyo wakili wako amefunga?"

"Saa tisa."

"Nishikieni hapa," akawaambia wenzake.

"Nenda ukamwoneshe kovu la uzazi," akasema yule mchokozi. "Hilo halina lamineshen."

Tulikwenda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, mimi katikati, mama nyuma yangu amejifunika mtandio wa kanisani. Alikuwa ananukia dagaa na alikuwa anajua. Tulipopanda ngazi aliuvuta mtandio vizuri, akapiga hodi mlango ukiwa wazi.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaondoka. Yule mzee wa shamba alikuwa bado yupo benchini, kwa sababu mnunuzi wake alikuwa hajafika. Wakili alimwona mama, akasimama nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ndiye mwenye huyu mtoto."

"Karibu ukae."

"Nitakaa. Nimeambiwa unakitilia shaka cheti chake."

"Sikitilii shaka, mama. Sikioni."

"Nilikifunga mimi. Nilikipokea mimi kwa mkono wangu wilayani, nikakiweka kwenye plastiki mimi. Hakuna mtu mwingine aliyekishika. Unataka niape? Lete Biblia hapo, niape."

Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, ile ambayo nyumbani huwa tunaiogopa kuliko ya juu. Wakili alichukua ule muhuri, akaushika kiganjani kama mtu anayeonesha jiwe.

"Mama, nakuamini. Mbele ya Mungu nakuamini. Lakini huu muhuri haukuandikwa 'nimeamini'. Umeandikwa 'nimeona'. Na huyu binti yako ndiye aliyenikumbusha."

Mama akageuza kichwa. "Wewe?"

"Niliuliza tu."

"Uliuliza tu." Akarudi kwa wakili. "Amekuwa hivyo toka mdogo. Padri alimkimbia kwenye mafundisho ya kipaimara."

Karani alijificha nyuma ya kompyuta acheke.

Wakili akaeleza tena, kwa mama, kile alichonieleza mimi, lakini kwa maneno mazuri zaidi. Hahitaji plastiki yote itoke. Anahitaji kona moja tu, ile ya chini kulia yenye muhuri wa kubonyezwa, aishike kwa kidole. Kona moja. Baada ya hapo atagonga nakala zote tunazotaka.

Mama alikuwa amekishika cheti mapajani kwa mikono miwili. "Ukikifungua, maji yanaingia," akasema. "Wadudu wanaingia."

"Ni kweli."

"Nilikuwa na kiwanja, baba."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mtu yeyote anayekaa kwenye ofisi ya wakili anaijua sentensi hiyo na mwisho wake. Yule mzee wa shamba, bila kujua anafanya, aliisogeza hati yake kutoka benchini akaiweka chini ya kwapa.

Nilikuwa nimesimama. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane. Nilitaka kumwambia mama basi, turudi, tuache. Nilitaka pia kumpokonya kile cheti nikichane mwenyewe kwa meno. Vyote viwili nilivitaka kwa pamoja na kwa nguvu sawa. Mlango wa tatu, baada ya saluni, ulikuwa bado wazi, na nakala kutoka huko zisingekuwa na tofauti yoyote na za hapa: muhuri ule ule, maneno yale yale, wino ule ule wa bluu. Aliyeangalia na asiyeangalia hawana alama ya kuwatofautisha kwenye karatasi. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma tangu asubuhi, na bado linanichoma. Nilikuwa nimemleta mama yangu kutoka kazini kwa ajili ya tofauti ambayo haionekani.

Mama akasema, "Leteni wembe."

Ofisi nzima ikawa ya mafundi.

"Wembe utakata karatasi," karani akasema. "Hii inataka joto. Dada yangu alitoa cha kwake kwa pasi."

"Joto litaunguza wino," akasema mzee wa shamba, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno. "Weka kwenye friji. Gundi ikiganda inaachia."

"Mzee, friji gani hapa?"

"Si kuna duka la soda chini?"

"Soda na cheti cha mtoto wa watu!"

Wakili alinyoosha mkono kutuliza baraza. Karani alikuwa ameshashuka ngazi; alirudi na pasi ya umeme ya fundi cherehani, na fundi mwenyewe nyuma yake, mita shingoni, amekuja kuhakikisha pasi yake haiharibiwi. Akachukua usukani bila kuombwa. Moto mdogo, akasema, kitambaa katikati, usikandamize, gusa uondoe. Kitambaa hakikuwepo. Mama akavua mtandio wa kanisani, akaukunja mara mbili, akaulaza juu ya kona ya cheti, kwenye meza ya wakili, kati ya simu na mafaili.

"Nipe hiyo pasi," akamwambia fundi.

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Na mimi ndiye mwenye cheti."

Akagusa, akaondoa. Akagusa, akaondoa. Harufu ya plastiki ya moto ikapanda, tukakohoa. Aliinua mtandio: kona ilikuwa imejikunja kidogo kama ukoko wa ugali unaoachia sufuria. Akaingiza ncha ya wembe wa fundi, akavuta. Hakuna aliyempa ushauri sasa. Plastiki ya juu ikainuka kwa mlio mwembamba, ikaja na utando mweupe, na nilidhani ni karatasi inayochunika. Ulikuwa gundi. Chini yake kukatokea kipande kidogo kama kucha ya gumba, rangi ya maziwa yaliyolala, tofauti kabisa na ile rangi ya njano niliyoizoea miaka yote kupitia plastiki.

"Acha hapo," wakili akasema. "Acha hapo hapo, mama."

Akainama. Akaweka kidole, akafumba macho. Nilitaka kucheka na sikuweza. Alipapasa taratibu, akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Ndio wenyewe," akasema. "Muhuri upo. Umebonyezwa."

Mama alikuwa anaipuliza ile kona ipoe.

"Naomba na mimi niguse," nikasema.

Wakanipisha. Ilikuwa na ukwaruko mwepesi, na katikati ya ukwaruko kulikuwa na duara lisiloonekana kwa macho, limeinuka kidogo tu, nusu yake ikiwa bado chini ya plastiki. Mtu fulani wilayani alilibonyeza kwa mashine ya mkono, siku ambayo mimi nilikuwa na miezi kadhaa tu na nilikuwa, kwa maelezo ya mama, nalia kwa sababu ya joto. Kidole changu kilibaki pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Miadi sikuikosa. Jumatatu nilikabidhi kila kitu kwenye kaunta Dar, na yule wa kaunta akaichukua ile kona iliyobanduka kama jambo la kawaida kabisa, akakibana cheti kwa klipu pamoja na vingine. Ninaandika haya nikiwa Mwanza, nasubiri. Pasipoti yangu na cheti changu viko kwa watu nisiowajua, kwenye ofisi nisiyoijua, na simu ikilia naiangusha kabla sijaipokea. Nimeshajiuliza kila kitu kinachoweza kuulizwa kuhusu mtu anayekaa mahali na kuamua nani avuke na nani abaki, na kuhusu kwa nini yeye hatakiwi kuthibitisha chochote kwangu.

Lakini kabla hatujatoka kwa wakili siku ile, kulikuwa na jambo moja zaidi. Karani alikuwa ameshagonga nakala zangu, wakili ameshatia saini, fundi ameshashuka na pasi yake. Nilikuwa nazipanga kwenye bahasha, na cheti chenyewe pamoja nazo.

"Hicho nacho unakwenda nacho?" mama akauliza.

"Wanataka kukiona."

"Na huko Ulaya?"

"Nikipata, ndiyo. Kinaweza kuhitajika huko."

Cheti kile hakikuwahi kulala nje ya nyumba yake; hata nilipokwenda chuo Dar, nilikwenda na nakala, chenyewe kilibaki kwake. Nadhani mpaka dakika ile, pamoja na barua zote nilizomsomea na mablanketi yote aliyokuwa anayatafuta kwa bei nzuri, safari yangu ilikuwa bado kitu cha kusemwa.

Akamgeukia wakili. "Na mimi nigongee moja."

"Ya kupeleka wapi, mama?"

"Sipeleki popote. Ya kukaa nayo."

Wakili alimtazama, kisha akamtazama karani, na karani akatoa nakala nyingine kwenye mashine. Wakili alikichukua tena cheti kutoka kwenye bahasha yangu. Hakuwa na haja, alikuwa ameshakiona. Alisoma mstari mmoja mmoja kwenye halisi, akafuata mstari ule ule kwenye nakala kwa ncha ya kalamu, mpaka chini. Ndipo akagonga mwenyewe, akasaini, akaandika tarehe kwa tarakimu kubwa.

Mama alinipa. "Nisomee hapo kwenye wino."

"Inasema ameiona halisi yake, na hii ni sawa nayo."

"Kwa hiyo huyu ni shahidi."

"Ndiyo."

"Kwamba kilikuwepo hapa."

Nilifungua mdomo kumsahihisha, kwa sababu muhuri hausemi hivyo. Unasema kuhusu kufanana, si kuhusu kuwepo. Kisha nikatazama tena: jina la mtu, Mwanza, tarehe ya siku ile. Ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Tukashuka ngazi, mama mbele, nakala yake ameishika kwa mikono miwili, analalamika kwamba pasi ya yule fundi imemchomea mtandio.